Goma: acheni kuwauzia redio za jamii mitambo ya AM kwa maneno matupu!

Wandugu, hawa wauzaji wanaozunguka wakisema "chukueni AM (redio ya mawimbi ya kati) ya kilowati 10, mtasikika hadi Walikale", kule mbali magharibi ya Goma, wanatutania ao hawajui kazi?

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo wanaponyamaza. Mchana AM husafiri ikifuata uso wa ardhi, na mlingoti wenyewe ndio antena. Ukipewa kilohezi 999, mlingoti ni kama mita 75, na chini yake kwa kawaida hutandazwa nyaya 120 za shaba kuuzunguka, kila moja mita 75 vilevile. Kilomita 9 za shaba! Zinatakiwa zifukiwe sentimita 15 hivi. Haya, zifukieni kwenye makoro, haya mawe ya lava ya volkano Nyiragongo, tuone. Mtaziacha juu, na shaba iliyolala juu mnajua haikai wiki. Zikishakatwa na wezi, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kupasha mawe joto. Hata zikibaki, mwamba mkavu unameza wimbi. Hapa si pwani ya Mombasa, ambako maji ya chumvi yanalibeba.

Halafu mazutu (dizeli). Mtambo wa AM unakula umeme hata mtangazaji akinyamaza, kwani wimbi linalobeba sauti halizimiki. Kilowati 10 hewani ni kama 14 kwenye mita. Umeme ukikatika, jenereta inakunywa lita 4 hadi 5 kwa saa. Zidisha kwa saa 16, kisha niambieni matangazo ya maduka ya Birere, sokoni hapa Goma, yatalipa lita ngapi.

Na anayesikiliza ni nani? Simu zina FM, AM hazina. Redio ya batri inashika, ila chaja za bei rahisi, taa za LED na inverta za sola zinaijaza mkwaruzo. Usiku ndiyo balaa: stesheni za mbali za masafa yaleyale zinadunda angani na kushuka juu yako. Labda wenye magari ya Japani, ambayo mengi FM yake huishia megahezi 90 wakati ya huku inafika 108, watafurahi. Ndio watalipia mlingoti?

FM ya kilowati 1 kilimani inafika kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ziwani hakuna mlima wa kuizuia. Walikale iwekewe mtambo wake mdogo, ipokee matangazo kwa setilaiti.

Muuzaji akija, mdaini vipimo vya ardhi ya kiwanja chenu, bei ya shaba ndani ya fakitire (ankara), na ramani ya usikivu wa usiku. Akileta ya mchana peke yake, msitie sahihi.