Tupeane uzoefu: nani kashawahi kupotea Dar kisa jina la zamani la mtaa?

mtoto_wa_gerezani: Wakuu, leo kuna mzee kwenye daladala kamwambia konda "nishushe Kichwele", konda kakodoa macho tu. Kumbe Uhuru Street. Leteni zenu.

kakampole: Umenikumbusha mbali. 2004 babu anakuja toka Lindi, hana simu, kabla hajapanda basi kapiga kwa simu ya jirani: "Mjukuu wangu, kesho saa nne tukutane Acacia, pale kwa Bismini." Mimi nimezaliwa Temeke nimekulia Temeke, Acacia siijui, Bismini ndo kabisa nikadhani duka la Muhindi. Nauliza Kariakoo hakuna, Mnazi Mmoja hakuna, jua linawaka, nishaanza kupanga nitamwambiaje mama, machozi yananitoka barabarani na ndevu zangu. Saa tisa mzee mmoja fundi viatu akacheka mpaka sindano ikamdondoka: "Acacia ndo Samora hiyo, Bismini ni yule askari wa sanamu!" Nikatoka mbio. Babu huyu hapa, kakaa kivulini ng'ambo ya sanamu anatafuna muhogo, ananiambia umechelewa.

mama_pacha: 😂😂 muhogo alinunua au alitoka nao Lindi?

mzee_wa_upanga: Babu hakukosea. Mjerumani aliuita Unter den Akazien, Mwingereza akabadili lugha tu, Acacia Avenue. Ikaja Independence Avenue, ndo baadae Samora. Sanamu yenyewe ya 1927, kabla yake alisimama Wissmann, gavana wa Mjerumani.

bongolala: Mzee acha kamba, Independence si ndo Uhuru Street hiyohiyo?

mzee_wa_upanga: Kijana, Uhuru ndo Kichwele, mwenye uzi kasema hapo juu. Nenda kasimame Mnara wa Saa uone, Samora inafikia pale, Uhuru unaanzia pale.

bongolala: Sawa mwalimu 🙄

wa_nairobi: Hata huku, shosho wangu Moi Avenue bado ni Government Road, na Tom Mboya ni Victoria. Matatu zinamwacha.

mama_pacha: Jamani muhogo?

kakampole: Alinunua dada, na hela nililipa mimi.

fundi_bomba: Dawa ni ramani ya simu.

binti_ilala: Usimdanganye, mimi ramani imenizungusha Posta mpaka chaji ikaisha. Sema jengo, mtaa achana nao.

fundi_bomba: Na jengo wakilivunja?

mgeni_mjini: Samahani, nimeambiwa nishuke Ocean Road, hapa kibao kinasema Barack Obama Drive. Nishuke au nisishuke?

mtoto_wa_gerezani: Shuka upesi!