Hivi nani kawadanganya kwamba C:\TC\BGI (folda ya draiva za grafiki za Turbo C) iko kwenye kila kompyuta?

Wakuu, nimechoka. Kila somo la grafiki za Turbo C (kompaila ya zamani ya lugha ya C, ya Borland), mstari wa kuwasha grafiki ni uleule: initgraph(&gd, &gm, "C:\\TC\\BGI"); halafu somo limeisha! Kwa mwalimu duara linachoreka vizuri. Mpe mtu mwingine EXE peke yake uone. Anakutana na hiki:

BGI Error: Graphics not initialized (use 'initgraph')

Sasa mwanafunzi anakaa usiku kucha akikodolea macho initgraph, na imo, ameiandika mwenyewe. Ujumbe wenyewe unapotosha. Initgraph iliitwa, ikalikosa faili la draiva ya grafiki, EGAVGA.BGI, kwenye njia hiyo, ikanyamaza. Aliyekuja kupiga kelele ni circle() iliyofuata. Ungeuliza graphresult() mapema ungejibiwa -3, yaani faili la draiva halikuonekana. Lakini hiyo graphresult nani anaifundisha?

Ukiomba msaada unaambiwa "beba na folda ya BGI". Nibebe folda nzima kwa ajili ya duara moja?

Kinachoniuma ni kwamba Borland walishalimaliza hili zamani, na dawa imo kwenye Turbo C hiyohiyo. Inaitwa BGIOBJ, programu ya kugeuza draiva kuwa faili la OBJ la kuungwa ndani ya EXE. Andika BGIOBJ EGAVGA, inakutolea EGAVGA.OBJ. Iingize kwenye project yako, au itie ndani ya GRAPHICS.LIB (maktaba ya grafiki) kwa TLIB (programu ya kuhariri maktaba). Kisha, KABLA ya initgraph (wengi wanaweka baada, halafu wanasema haifanyi kazi):

registerbgidriver(EGAVGA_driver);
initgraph(&gd, &gm, "");

Njia tupu kabisa. Draiva sasa iko ndani ya EXE, na EXE yenyewe imenenepa kilobaiti chache tu. Ukisahau kuiunga hiyo OBJ, linka (inayounga vipande vya programu kuwa EXE) itakulalamikia Undefined symbol, na huo angalau ni ujumbe mkweli. Fonti nazo hivyohivyo: TRIP.CHR unaipitisha BGIOBJ, unaisajili kwa registerbgifont(triplex_font). Segmenti (kipande cha kumbukumbu) ikizidi 64K, tumia BGIOBJ /F na registerfarbgidriver.

Kazi yote ni amri moja na mstari mmoja wa kodi, lakini watu wanarekodi video ndefu za kuonyesha jinsi ya kunakili folda!

Wenye masomo yenu, rekebisheni. Na wewe unayekuja kuniambia Turbo C imepitwa na wakati, anza na wanaoitungia mitihani.