Naomba ushauri: kumpeleka baba Mwadingusha

Wandugu, jambo yenu. Niko Lubumbashi. Baba yangu ana miaka 78, na ujanani alifanya kazi kwenye bwawa la Mwadingusha, mto Lufira. Anatamani kuliona tena, na mimi sitaki kuchelewa.

Hadi Likasi sina shida, ni kilomita 120 hivi za lami. Kutoka pale ndipo nakwama. Dereva mmoja amenambia taksi ndogo inafika, mwingine amekataa kabisa, anataka jipu. Binamu yangu wa Likasi naye anasema tutageuzwa kwenye kizuizi cha njiani bila barua ya ruhusa, kwa kuwa ni mtambo wa SNEL, shirika la umeme la taifa la Kongo, lakini hajui barua inaombwa wapi.

Kuna la majira pia. Kiangazi njia ni kavu, ila maji mengi yanaingia kwenye mitambo na maporomoko ya mto pale bwawani yanapungua. Baba anayakumbuka yakinguruma.

Maswali yangu ni haya: ruhusa inaombwa Lubumbashi, Likasi au palepale? Na mtu anayetembea kwa fimbo anaweza kuyaona maporomoko na ziwa la Tshangalele, lile la bwawa, bila kushuka mteremko? Aliyefika karibuni anisaidie, tafadhali.