Maji ya paa yanachimba msingi: je, bustani ya mvua itanifaa hapa Mtwara?

Mkazi wa Chuno
Ndugu zangu, habari. Paa langu la bati lina mita za mraba 80, na kila masika maji hushuka upande mmoja, yakachimba mchanga hadi msingi ukaonekana, kisha yakaingia uani kwa jirani. Fundi ananishauri nimwage zege ua mzima. Nimesoma kuhusu bustani za mvua, yaani mashimo mapana yaliyopandwa mimea ili maji ya paa yanywewe na udongo, na kuhusu mapaa yaliyooteshwa majani, ila nahofia mbu. Naombeni ushauri.

Bwana shamba mstaafu, Lindi
Ndugu yangu, zege usimwage, litamwongezea jirani maji tu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 50 inakuletea lita 4,000. Zipeleke kwa gata hadi kwenye shimo pana, lisilopungua mita 3 kutoka ukutani, lenye kina cha sentimita 15 na sakafu iliyosawazishwa, ili maji yatandae na udongo uyanywe. Kwanza chimba kishimo cha majaribio, ukijaze maji. Yakinywewa ndani ya siku moja, mahali panafaa. Mbu huhitaji takriban wiki nzima kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo hawatawahi. Ukingo wa upande wa barabara uwe chini kidogo na upangwe mawe, maji ya ziada yatokee hapo.

Udongo juu ya bati usithubutu. Sentimita 10 za udongo uliolowa huweza kuzidi kilo 150 kwa mita ya mraba. Kwako hizo ni tani 12 juu ya kenchi.

Mama Kitalu, Mikindani
Kaka, mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa hiyo chagua mimea inayostahimili kuloa masika na kiu ya Juni hadi Novemba. Mimi napenda mno mkindu: kwa asili huota kandokando ya mito, na machipukizi yake hushika udongo, nao wasukaji wa mikeka watakushukuru. Uweke mbali na njia ya watoto, kwani chini ya makuti kuna miiba mirefu. Mpingo upande kingoni, pakavu, ukijua kwamba hukua polepole sana.

Mkazi wa Chuno
Ahsanteni sana. Nafasi kubwa ipo nyuma, karibu na shimo la choo. Je, panafaa?

Bwana shamba mstaafu, Lindi
Hapana, maji yataingia chooni na kulijaza shimo. Chimba mbele, hata kama eneo ni dogo.