Mafundi wanaparua rangi ya zamani pakavu, vumbi lote linawaangukia watoto wetu (Muhumba, Bukavu)

Ndugu zangu wa Bukavu, nimekasirika, mnisikilize.

Tunapanga nyumba ya wakati wa Wabelgiji huku Muhumba, familia tatu kwenye parseli moja. Mwenye nyumba ameamua kupaka rangi upya upande wa nje. Vizuri. Lakini tangu Jumatatu mafundi wawili wanaparua kuta na madirisha ya mbao kwa brashi ya waya na mashine ya diski, pakavu kabisa, bila tone la maji, bila shitingi chini. Vumbi jeupe liko kwenye kamba ya nguo, kwenye lengalenga, juu ya pipa la maji ya mvua. Jana nimemkuta mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu amekaa chini ya dirisha, mkononi ana gamba la rangi, kijani juu, nyeupe katikati, krimu chini, na pembe yake imeshalowa mate.

Nikamwita mwenye nyumba. Jibu lake: "Mama, hilo ni vumbi tu, utafagia."

Si vumbi tu! Nyumba ya umri ule, rangi yake ya chini ihesabiwe kuwa na madini ya risasi, ile plomb, mpaka ipimwe. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, nje ikaachwa. Marekani yenyewe ilingoja mpaka 1978 kuipiga marufuku majumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima. Inakaa kwenye mifupa, inaharibu ubongo unaokua. Halafu naambiwa nifagie, nilirushe tena hewani!

Kinachoniuma, kuzuia si ghali. Lowesha ukuta, parua ukiwa bado umelowa, tandika shitingi, kusanya maganda kila jioni, funika maji, watoto wakae mbali. Basi. Na wale mafundi ni watoto wa watu pia: wanakula mandazi mikono ikiwa myeupe, jioni wanabeba vumbi lile kwenye nguo mpaka kwa watoto wao. Nilipowaambia, mmoja akasema, "Mama, patroni anataka haraka."

Nimemwaga pipa zima, maji tuliyobakiza tangu mvua ya mwisho, na kiangazi hiki kila bidoni tunanunua.

Kesho wanahamia ukuta wa upande wetu. Nimemwambia mwenye nyumba: bila maji na shitingi, hawaparui hapa. Akasema nisipopenda nihame. Nani kati yenu ameshapambana na jambo kama hili, akaenda kwa shefu wa avenyu au kwingine, na akasikilizwa? Nijibuni usiku huu, wanaanza saa moja asubuhi.