Raba zenye nguzo kisiginoni zinafaa kwa matembezi ya kila siku?

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Ndugu zangu, naomba ushauri. Kwenye mitumba ya hapa mjini nimeona raba za Nike Shox, zile za mtindo wa miaka ya 2000 ambao vijana wameurudia, zenye nguzo nne chini ya kisigino. Muuzaji anasema ndani ya nguzo mna springi za chuma, na kwamba hazijavaliwa hata siku moja kwa kuwa zilikaa kwenye boksi lake miaka yote. Sitaki za kukimbilia. Nataka za kwendea kazini na kutembelea jioni ufukweni. Je, nizichukue?

Msomaji wa Lindi
Springi za chuma hamna. Nguzo za Shox ni povu gumu la poliyurethani lenye uwazi katikati, ambalo hujibana unapokanyaga na kurudi lilivyokuwa unapoinua mguu. Wazo hilo lilianza kushughulikiwa mwaka 1984, lakini viatu viliingia sokoni 2000, mwaka ambao Vince Carter, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, akiwa amevaa Shox, alimruka Frédéric Weis, Mfaransa mwenye urefu wa sentimita 218, akienda kufunga kwenye Olimpiki ya Sydney. Mimi nina kilo 60, na nilipozijaribu niliona nguzo ni ngumu kwa mwendo wa kawaida. Huenda mtu mzito akazifurahia zaidi.

Fundi viatu, Chikongola
Mimi ningetiwa shaka na hilo neno “hazijavaliwa”. Poliyurethani huliwa na unyevu, na hewa yetu ya pwani unyevu imejaa, kwa hiyo kiatu huoza kikiwa ndani ya boksi bila kukanyagwa. Niliwahi kuletewa raba, kampuni siitaji, ambazo juu ziling'aa kama mpya, lakini mwenyewe alipotembea kutoka stendi hadi kwangu soli ilibaki njiani vipande vipande. Masalia yake yalisagika vidoleni kama unga wa muhogo, na hakuna gundi inayoshika unga. Soma tarehe kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu, kisha bonyeza nguzo kwa ukucha: ikibaki na alama, ikinata, au ikiwa na nyufa nyembamba pale inapoungana na soli, mwachie mwenyewe. Soli ya povu la EVA, aina nyingine ya plastiki, haiozi namna hiyo, ingawa hubonyea kwa matumizi. Tena ufukweni, kokoto zitakwama katikati ya nguzo hizo na utakuwa unazichokoa kwa kijiti.

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Asante, fundi. Nimerudi kwa muuzaji leo asubuhi: lebo inasema 2004, na ukucha umeacha shimo. Nimemwachia. Na hizi ambazo Nike imezitoa upya miaka ya karibuni?

Fundi viatu, Chikongola
Hizo bado changa. Ukinunua, zivae, usizitunzie sikukuu.