Watoto wa Heru Juu

Dada Magreth: Bwana asifiwe. Alhamisi saa 9 alasiri daktari wa hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, anampigia Filbert kwa video. Simu ya Filbert kioo kimepasuka. Aliyeko Kigoma mwenye simu nzima ampelekee Kasulu.

Dada Magreth: Na damu atolewe asubuhi KABLA hajameza takrolimasi, ile dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo. Akimeza kwanza, kipimo kitasoma juu, watampunguzia dozi, mwili uikatae figo aliyopewa na Neema.

Dada Magreth: Naona mmesoma.

Deo: Figo ya Neema ni Yanga, imewekwa kwa mtu wa Simba. Presha itatulia vipi 😂

Kaka Silas: 😂😂😂 Alhamisi Yanga wapo uwanjani

Dada Magreth: Mama Jeni, presha ya Filbert leo?

Mama Jeni: Samahani wifi, nilikuwa sokoni. 158 kwa 96. Uzito umepanda kilo 2 tangu Jumapili, soksi zinaacha alama miguuni. Mgongo ulimuuma, akanunua diklofenaki dukani.

Dada Magreth: Mungu wangu! Dawa hiyo inaumiza figo, asimeze tena. Hili halingoji Alhamisi, wapigie kliniki sasa hivi.

Mama Jeni: Niliogopa watatuita Dodoma. Nauli ya watu wawili naitoa wapi?

Deo: Waulize waliouza shamba la mama

Kaka Silas: Hela ya shamba ilikwenda kwenye vipimo. Wewe ulipoitwa kupimwa ulizima simu wiki nzima.

Deo: Tusianze

Neema: Mmeshaanza.

Baba Mkubwa: WANANGU. NEEMA AMETOA KIUNGO CHA MWILI WAKE. NINYI MNASHINDWA KUTOA SIMU. DEO UTAKWENDA KASULU.

Deo: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

Mama Jeni: Kliniki wamepokea. Hatusafiri kwanza. Kesho asubuhi hospitali ya wilaya wapime kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, majibu tuyapige picha tuwatumie, halafu daktari apige video saa 5 aione miguu. Apunguze chumvi. Akipata homa au mkojo ukipungua tukimbilie hospitali usiku huohuo.

Dada Magreth: Asante Yesu. Deo, basi la alfajiri?

Kaka Silas: Bando natoa mimi. Mshahara ukiingia.

Dada Magreth: Silas, video ni KESHO. Natuma la kesho, la mwezi ni lako. Deo?

Dada Magreth: Deo??

Deo: Nakwenda dada. Ila simu yangu haikai na chaji. Mama Jeni, umeme upo huko?